Karura, Mbuga ya Nairobi au City Park: ujitolee wapi?

Mtu anayetaka kutoa Jumamosi zake kwa msitu au mbuga hapa Nairobi hakosi pa kwenda. Kinachomshinda ni kuchagua. Anaitikia mwaliko wa kwanza unaoingia kwenye simu yake, mara nyingi wa Karura, anapanda mche mmoja, anapigwa picha ya pamoja, kisha haonekani tena. Moyo anao. Ila kazi aliyoikuta haikumfaa, au safari ilimlemea, au alikwenda penye watu wa kutosha huku kwingine jembe limelala kwa kukosa wa kulishika.

Hapa nalinganisha sehemu tatu kwa kirefu: Msitu wa Karura, Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na City Park kule Parklands. Arboretum, Msitu wa Ngong Road na kingo za Mto Nairobi nitazigusa kwa kifupi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kama huna sababu maalum ya kwenda kwingine, City Park ndiyo inayokuhitaji zaidi.

Ardhi iko chini ya nani

Anza na swali hili kabla hujanunua gumbuti, kwa sababu ndilo linaloamua utaruhusiwa kufanya nini ukifika.

Karura ni msitu wa serikali ulio chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu mwaka 1932, na una takriban hekta 1,000. Sheria ya misitu ya 2005 ilifungua mlango ambao haukuwapo: majirani wa msitu wakaruhusiwa kuunda chama cha jamii na kuusimamia bega kwa bega na serikali. Sheria ya 2016 iliyochukua nafasi yake ikauacha mlango huo wazi. Friends of Karura Forest ni chama cha namna hiyo. Kwa hiyo kina mamlaka ambayo kikundi cha kawaida cha hisani hakina: kina wafanyakazi, kina mpango wa usimamizi uliotiwa saini na KFS, na kina skauti wa doria, wakiwemo vijana wa kijiji cha Huruma kilicho kando ya msitu. Ukijitolea Karura unaingia kwenye mfumo unaojiendesha. Utapewa kazi, utaonyeshwa mahali, na kuna mtu atakayekuja kukagua ulichofanya.

Mfumo huo nao una mivutano yake. Mwaka 2025 KFS iliagiza viingilio vya Karura vilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni, chama kikapinga, na suala likafika mahakamani. Ukijiunga, jua kwamba mikutano ya wanachama huzungumzia mambo ya aina hiyo pia. Kama wewe ni mhasibu au wakili, huenda hapo ndipo utafaa kuliko kwenye shimo la mche.

Mbuga ya Nairobi ni habari tofauti kabisa. Ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 117. Msimamizi ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, peke yake, na ni lazima iwe hivyo: mle ndani kuna simba, chui, nyati na faru weusi wanaolindwa usiku na mchana. Hushuki kwenye gari isipokuwa sehemu zilizotengwa, na kazi yoyote ya miguu inafanywa ukiwa na askari mwenye bunduki. Kikundi cha raia, Friends of Nairobi National Park, kimekuwapo tangu miaka ya 1990. Hakisimamii mbuga. Kinaisaidia, na pale inapobidi kinaisemea.

City Park iko chini ya Kaunti ya Nairobi. Ina takriban hekta 60, na ndani yake bado kuna kipande cha msitu wa asili wa Nairobi kama ulivyokuwa kabla ya reli. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa turathi ya taifa chini ya sheria ya makavazi. Tangazo hilo halikuja bure. Kingo za bustani hii zilikuwa zimemegwa na kugawiwa watu, na raia waliojiita Friends of City Park, walio karibu na shirika la Nature Kenya, walipiga kelele miaka nenda miaka rudi mpaka ikapata kinga ya kisheria. Lakini kinga ya karatasi haifagii njia wala haifukuzi anayemwaga kifusi usiku. Hakuna uzio wa umeme, hakuna kikosi cha skauti kama cha Karura, na fedha za kaunti zina wengi wa kuzigombania.

Kazi yenyewe

Karura utakutana kwanza na lantana. Ni kile kichaka chenye maua ya waridi na manjano yaliyochanganyika, kinachopendeza machoni na kuziba kila kitu chini yake. Ukikifyeka juu tu umekikaribisha upya, maana kisiki hutoa machipukizi mengi kuliko mwanzo. Unakata matawi, unachimba kuzunguka kisiki, unang'oa na mzizi, kisha unalaza matawi juu chini mbali na udongo ulioloa. Vaa mikono mirefu kwa sababu shina lina miiba midogo. Kwa asubuhi moja, watu kumi wanaojua wanachofanya husafisha eneo dogo kuliko wanavyotarajia. Ndivyo kazi ilivyo, na usivunjike moyo.

Baada ya lantana inakuja miti. Sehemu kubwa ya Karura ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni enzi za ukoloni, na mpango wa sasa ni kuivuna kidogo kidogo na kurudisha ya kienyeji: muhugu, mukinduri, mutamaiyu, muthiga. Muhugu unastahili kutajwa peke yake. Ndio mti uliochongwa vinyago hadi ukapungua sana nchini, unakua taratibu mno, na aliyeupanda leo anawapandia wajukuu. Kitalu cha miche nacho kinataka mikono, hasa ya wale ambao migongo yao haikubali jembe: kujaza udongo, kupanga miche, kung'oa majani yasiyotakiwa.

Kwenye mbuga, kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kusaka mitego. Wawindaji wa nyama ya porini hutega vitanzi vya waya kwenye vijia vya wanyama. Kitanzi hufungwa kwenye shina la kichaka, kikaning'inia kwa urefu wa shingo ya swala, na ukikitazama kutoka pembeni hukioni kabisa, kwa kuwa waya mwembamba hupotea kwenye nyasi kavu. Ndiyo sababu wasakaji hutembea kwa mstari, hatua chache kati ya mtu na mtu, wakiinama na kutazama kwenye njia ileile anayopitia mnyama. Askari wako mbele na nyuma. Asubuhi nzima inaweza kupita bila waya hata mmoja, na hiyo ni habari njema.

Kazi nyingine za mbuga ni kuokota plastiki zinazopeperushwa na upepo kutoka barabarani hadi kwenye uzio, kusaidia kuhesabu wanyama, na kung'oa partheniamu, gugu la maua madogo meupe linaloenea kandokando ya njia. Gugu hili huwasha ngozi na kuwaathiri wenye pumu, kwa hiyo bila glavu usiliguse, na ukiwa na pumu iache kazi hiyo kwa wengine.

Lakini hatari kubwa ya mbuga haiko ndani yake. Pande tatu zina uzio. Kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, pako wazi, na huko ndiko nyumbu na punda milia walikokuwa wakienda kwa wingi msimu wa mvua kwenye nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti. Sasa nyanda hizo zinakatwa ploti, zinazungushiwa ua, zinajengwa. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili waache mashamba yao bila ua. Na ni kijana wa pembezoni mwa mbuga hii, Richard Turere, aliyebuni taa zinazowakawaka usiku ili simba wasivamie boma la ng'ombe wa baba yake, ubunifu uliomfikisha majukwaa ya kimataifa mwaka 2013. Anayetaka kuiokoa mbuga kwa dhati atajikuta anashughulika na Kitengela: mikutano na wafugaji, barua kuhusu mipango ya ardhi, michango ya taa. Reli ya SGR ilipopangwa kupita juu ya mbuga, pingamizi zilifikishwa mbele ya jopo la mazingira. Daraja lilijengwa hata hivyo, lakini bila raia waliofuatilia mradi ule ukurasa kwa ukurasa pasingekuwa na mjadala wowote. Hiyo nayo ni kazi ya kujitolea, ingawa haikuchafui mikono.

City Park kazi ni ndogondogo na haziishi. Kuokota taka. Kufungua njia zilizozibwa na vichaka. Kuandika majina ya miti na kuyabandika. Kuorodhesha ndege, vipepeo na mimea, orodha ambayo siku mtu akija na ramani ya kujenga ndiyo inayoonyesha kilichopo. Kuna pia suala la kima. Wageni huwalisha karanga na ndizi, kima wamezoea, na mtoto akija na mfuko mkononi ananyang'anywa. Kumweleza mgeni kwa upole kwamba mnyama huyu ana chakula chake mitini, na kwamba kumlisha kunamfanya mkorofi, ni kazi inayohitaji mtu mwenye subira na lugha nzuri. Wanafunzi wa sekondari wanaifanya vizuri sana.

Kisha kuna makaburi. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mbunge aliyeuawa kwa risasi Februari 1965, amezikwa City Park. Rafiki yake Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, naye amezikwa humo pamoja na mkewe Sheila, katika bustani ya kumbukumbu yenye sanamu. Wakenya wangapi hupita Limuru Road kila siku bila kujua? Kuwatembeza watu hapo, kuwaambia Pinto alikuwa nani na kwa nini Murumbi alitaka kulala karibu naye, ni kuitunza bustani sawasawa na kufagia. Mahali ambapo watu wanapajua kwa jina na kwa historia ni vigumu kupamega.

Hili Nairobi inalijua. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kuimeza Uhuru Park, na halikujengwa. Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kwenye lango la Karura alipokwenda na wenzake kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi. Karura ya leo, yenye wakimbiaji na baiskeli na familia za Jumapili, ilinunuliwa kwa damu ile. City Park haijawahi kupata umati wa kiasi hicho, na ndiyo maana naisukuma mbele.

Nauli, kiingilio, usalama

Kwa Karura, matatu za Ruaka na Banana hupita Limuru Road, na za Kiambu hupita Kiambu Road. Kuna kiingilio. Uliza mapema kama siku ya kazi wanaojitolea wanasamehewa. Usalama ni mzuri kuliko kwingine kote ninakokutaja hapa.

Mbuga ndiyo ghali. Kiingilio chake kiko juu zaidi, na bila gari hufiki popote, kwa hiyo itakubidi ungoje siku kikundi kinapopanga usafiri kutoka lango kuu la Lang'ata Road. Kwa mwanafunzi asiye na kipato hili si jambo dogo. Afadhali miezi miwili ya City Park kuliko siku moja ya mbuga iliyokopewa nauli.

City Park haina tiketi. Unashukia karibu na hospitali ya Aga Khan au soko la Hawkers, unavuka, umefika. Ila ina kona zisizopitwa na watu, na hapo usiende peke yako. Nenda na kikundi, mchana, na usitoe simu ovyo ukiwa ndani ya vichaka. Nasema hivi bila nia ya kuichafulia jina: kadiri watu wema wanavyoongezeka ndani yake ndivyo kona hizo zinavyopungua.

Neno kuhusu kupanda miti

Serikali imetangaza lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko nchi nzima ili tupande. Ni jambo la kutia moyo. Lakini miche haifi siku ya kupandwa. Inakufa Januari na Februari, jua likichoma, wakati hakuna tena hema, mgeni rasmi wala fulana za bure.

Kwa hiyo ukilinganisha vikundi, usiulize walipanda mingapi. Uliza nani anarudi kupalilia. Mche unahitaji nyasi ziondolewe kuuzunguka kwa misimu kadhaa, la sivyo zinaunyima maji na mwanga. Unahitaji matandazo ya majani makavu yasiyogusa shina. Unahitaji dumu la maji wakati wa kiangazi. Na siku ya kuupanda, ile karatasi ya nailoni ya kitaluni lazima ipasuliwe na kutolewa. Mtu akiuzika mche na karatasi yake, mizizi inazunguka humo humo ikitafuta pa kutokea, na baada ya muda mti unadumaa. Ukifika mahali ukakuta karatasi zimekusanywa kwenye gunia moja na kuhesabiwa, hapo kuna watu makini. Jiunge nao.

Kwa kigezo hiki Karura inaongoza kwa mbali, maana ina watu wa kudumu wa kufuatilia. Kwa City Park ufuatiliaji ni wa wale wanaojitolea wenyewe. Mbuga si mahali pa kupanda miti hasa. Nyanda za nyasi ndizo mali yake, na anayekwenda pale na ndoto ya kuijaza miti ataambiwa aiweke kando.

Nyingine, kwa kifupi

Arboretum, karibu na Ikulu, ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu aina za miti ya kuni za reli. Leo ina zaidi ya aina 300 za miti kwenye takriban hekta 30, na marafiki zake wamejipanga tangu 1993. Inamfaa anayependa kujifunza majina ya miti, na inafikika kwa miguu kutoka katikati ya jiji.

Msitu wa Ngong Road una hekta zaidi ya 1,200, na ulipotangazwa mwaka 1932 ulikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ulimegwa, kisha barabara ya Southern Bypass ikapita. Kwa mkazi wa Kibra, Lang'ata au Dagoretti huu ndio msitu wa jirani, na unahitaji watu kuliko Karura. Ingia na skauti.

Mto Nairobi ni shule ya namna nyingine. Michuki Park, karibu na Globe, ilikuwa jaa kabla usafi ulioongozwa na waziri John Michuki haujaanza mwaka 2008. Korogocho, vijana wa Komb Green waligeuza ukingo uliokuwa dampo kuwa bustani ya watu, wakiwa na majembe na vitoroli tu. Mafuriko ya 2024 yalionyesha kila mtu kando ya mto ule gharama ya kingo zilizojaa taka. Kazi ni chafu, ina vioo na sindano, kwa hiyo gumbuti na glavu nzito ni lazima.

Basi nani aende wapi

Ukiwa na Jumamosi moja kwa mwezi na unataka kazi iliyopangwa, nenda Karura. Una watoto wadogo? City Park au Arboretum, na uwape kazi ya kuhesabu ndege badala ya kuchimba. Unajua sheria, ramani au kuandika barua rasmi, basi Friends of Nairobi National Park watakutumia kuliko unavyodhani, na hutahitaji kiingilio kwa kazi hiyo. Mstaafu au mwanafunzi aliye huru siku za kazi afikirie matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanayoanzia Makavazi ya Kitaifa. Yamekuwapo tangu 1971, na hapo ndipo utakapojifunza macho ya kutazama msitu kabla ya kuugusa.

Ukiishi Korogocho, Dandora, Mathare au Baba Dogo, sioni kwa nini ulipe nauli mbili kwenda kumsaidia tajiri wa Muthaiga kutunza msitu wake wa jirani. Mto uko hapo.

Na wewe wa Parklands, Ngara, Pangani au Westlands, City Park ni yako kabisa. Nenda siku ya kawaida isiyo na sherehe, umtafute msimamizi wa siku, umuulize ni kazi gani imebaki tangu wiki iliyopita. Beba maji yako, glavu, na panga kama unayo.